Tuba Imetubu

Kila Ijumaa asubuhi, chai ikishanywewa na jua likiwa bado halijakasirika, Mama Darubini alitoka kwake na upawa mweupe mkononi, na mtaa mzima ulianza kumwaga maji.

Hakuhitaji kupiga hodi. Kelele zilimtangulia. Ndoo zilipinduliwa, makopo yaligongwa, mtu alimfokea mwenzake, "Sinia la kuku! Unaliacha hapo na upawa uko kona?" Alipofika mlangoni alikuta watu wamesimama wima mbele ya ua mkavu, wametabasamu kama wanaosubiri kupigwa picha.

Jina lake alilipata hospitalini, ambako alifanya kazi ya maabara mpaka akastaafu, jicho moja likiwa kwenye darubini na la pili likiwaangalia waliochelewa kazini. Miaka yote hiyo alikutana na malaria ikiwa imeshaingia ndani ya damu ya mtu. Vimelea vilikuwa vimeshafika, vimeshapata chumba na vimeshazaana, ndipo yeye akaitwa aje avitazame. Alipostaafu alitaka jambo moja tu: aikute malaria mlangoni, haijavua viatu.

Ndiyo maana alianzisha Mzunguko wa Ijumaa. Kanuni yake ilikuwa sentensi moja, na alihakikisha inasomwa kanisani kila Jumapili kwenye matangazo, katikati ya ratiba ya kwaya na ndoa zinazotarajiwa: "Kila chombo kinachokaa nje kimwagwe, kifunikwe au kigeuzwe." Upawa ulikuwa wa kuchotea. Weupe wake ulikuwa na sababu: kiluwiluwi cha mbu kikiwa ndani ya kitu cheupe hakina pa kujificha.

Alijua fika kwamba mbu wa malaria hasumbuki sana na makopo. Huyo hupenda maji ya wazi yanayopigwa na jua, kama vile vidimbwi, mitaro na nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua. Lakini aliamini kwamba mtu asiyeona maji yaliyo kwenye kopo lake mwenyewe hataona yaliyo kwenye mtaro, ambao si wake. Kwa hiyo alianza na makopo. Foleni ya wagonjwa wa homa katika zahanati ya usharika ilikuwa imepungua tangu mzunguko uanze, ila yeye hakujipa sifa hiyo. Mwaka huohuo vyandarua viligawiwa nyumba kwa nyumba, na mtu makini hawezi kugawanya kwa mdomo mambo yaliyofanya kazi kwa pamoja.

Nyumba iliyomchosha kuliko zote ilikuwa ya jirani yake, dada wa mume wake. Wifi huyo alipenda maua, na maua yake yalikaa kwenye makopo, na makopo yalikaa kwenye visahani.

"Hodi hapa."

"Umeshafika jikoni, wifi, hodi ya nini tena?"

"Visahani vina maji."

"Maua hayanywi soda."

Mama Darubini alichovya ncha ya upawa, akauinua usawa wa macho ya wifi yake. Vitu vidogo vilijinyonganyonga ndani yake.

"Unaona hivi?"

"Naona vinacheza. Afadhali kuna wanaofurahi kukuona."

"Vikiota mabawa havitakuchekesha." Akamwaga maji uani na kuvigeuza visahani kimoja kimoja.

Wifi yake alikunja mikono kifuani. "Na kwako, wifi yangu, nani anakagua?"

"Mimi."

"Ohoo. Yaani mshitaki, shahidi na hakimu wanalala kitanda kimoja, kisha hukumu inatoka kwamba nyumba ni safi."

"Kwangu nakagua kila siku."

"Basi siku moja nialike nije na tochi."

"Hutakuta kitu."

"Ndiyo maana hunialiki?"

Mama Darubini aliukung'uta upawa, akatoka. Alikuwa na mitaa mingine ya kupita, na mabishano na wifi hayakuwahi kuwa na mwisho unaojulikana kisayansi.

Hata kanisa halikusalimika. Siku moja baada ya ubatizo alimkuta Mchungaji akivua joho, akamwonyesha birika la ubatizo.

"Mchungaji, hili lina maji."

"Mama, ni ya ubatizo."

"Mtoto ameshabatizwa. Ameshakwenda nyumbani, ananyonya. Haya yanabaki kumsubiri nani?"

Mchungaji alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda amani na nyama. Aliyatazama maji, akamtazama Mama Darubini, akautazama upawa.

"Kwa bahati nzuri," alisema, "sisi Walutheri hatuna mafundisho yanayokataza kuyamwaga. Mwagia ule mti wa pale nje."

Basi mambo yalikuwa yakienda hivyo ndipo habari ilipofika kwamba wageni wanakuja.

Makanisa ya Kilutheri ya nchi nyingi yalikuwa yameungana kupambana na malaria. La nchi hii lilitoa vyandarua, la nchi ile lilileta vipimo na dawa, lingine lilifundisha wahudumu wa zahanati, na lingine, ambalo halijawahi kumwona mbu ila kwenye picha, lilituma watu wa kuratibu. Sasa muungano huo ulitaka kuchagua usharika mmoja ambao namna yake ya kufanya kazi mtaani ingefundishwa katika makanisa yote. Walikuwa wamebakiza sharika mbili. Mmoja ulikuwa ng'ambo ya mto, wenye kwaya nzuri na ukumbi mpya. Mwingine ulikuwa huu wenye Mzunguko wa Ijumaa.

"Watafika Jumapili ya ugeni," Mchungaji alimwambia. "Wataabudu nasi, watapita mtaani, watarudi kuamua. Wakikuta kila kitu sawa, mama, upawa wako utazunguka dunia."

Mama Darubini alisema, "Vizuri," kwa sauti ya mtu anayeambiwa kwamba basi limefika. Lakini usiku ule alijigeuza kitandani mpaka chandarua kikachomoka chini ya godoro. Aliwaza mitaa asiyoijua, yenye majina asiyoweza kuyatamka, ambako mtu angegeuza kopo siku ya Ijumaa na homa moja isingetokea, na hakuna darubini ambayo ingewahi kuiona. Hakuwahi kutaka kitu kiasi hicho tangu alipoomba kazi.

Wageni walipangiwa kunywa chai nyumbani kwake kama kaya ya mfano. Hapo ndipo lilipozuka suala la tuba.

Mume wake, ambaye watu wote walimwita Mzee Besi, alikuwa mpiga tuba wa kikundi cha tarumbeta cha usharika. Tuba ni yule mkubwa wa ukoo wa tarumbeta: bomba refu la shaba lililojikunjakunja kama utumbo, na mdomo ulio wazi juu, mpana kama beseni. Alianza kuipuliza akiwa kijana mwembamba, ikampa mashavu. Nyumbani iliishi sebuleni, kwenye kochi, mahali ambapo mtu mwingine angemkaribisha mgeni.

"Mzee wangu, hilo dude litoke."

"Dude? Mama, hii imepigwa kwenye harusi yetu."

"Nakumbuka. Mama yangu aliziba masikio. Wageni wakija watakaa wapi? Juu ya mapaja yako?"

"Iende chumbani basi."

"Chumbani tunaingia mimi na wewe kwa zamu. Barazani, nyuma."

"Barazani kuna mvua."

"Ni shaba, si sabuni."

Mzee Besi aliikumbatia tuba yake kama mtoto aliyefukuzwa shule, akaipeleka baraza ya nyuma na kuisimamisha pembeni, mdomo juu, karibu na mfereji wa bati. Mfereji huo ulikuwa umetoboka. Alikuwa amekusudia kuuziba tangu msimu uliopita, na bado alikuwa anakusudia.

Mvua ilinyesha. Ikakatika, jua likawaka, ikanyesha tena. Ilikuwa hali ya hewa ambayo mbu wangeichagua kama wangepigishwa kura. Maji yakaingia kwa mdomo wa tuba, yakashuka kooni, yakajaza mikunjo ya chini na kutulia humo kwa raha. Tuba ndivyo ilivyoumbwa: kuingia ni rahisi, kutoka ni mpaka uombwe.

Mzee Besi hakugundua, kwa kuwa hakuipeleka mazoezini. Ilikuwa nzito, njia ilikuwa na matope, na kiongozi wa tarumbeta alimruhusu afanye mazoezi kwa mdomo. Kwa hiyo wenzake walipuliza, naye akasimama mwisho wa mstari, mikono mfukoni, akisema, "Bumm. Bumm-bumm. Bumm."

Mama Darubini naye hakugundua, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Ijumaa ya mwisho kabla ya ugeni alikagua kwake kwa makini kuliko kawaida. Alipofika baraza ya nyuma aliona ndoo nyuma ya tuba. Akaisukuma tuba kwa nyonga, akashangaa kidogo kwa uzito wake, akasema moyoni kwamba ndiyo maana muziki wake haupai, kisha akainama kuangalia ndoo. Ndoo ilikuwa kavu. Akaridhika, akaenda zake.

Jumapili ya ugeni watu walijaa uwanja wa kanisa wakiwa wamepiga pasi mpaka soksi. Wageni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mratibu, mtu mrefu mweupe kutoka nchi ya barafu, aliyevaa shati jeupe na miwani, na ambaye alikuwa amejifunza Kiswahili chote kwa kuimba kanisani. Mwenzake alikuwa mama mmoja mtaalamu wa wadudu, kutoka kanisa la nchi nyingine yenye joto, mwenye kicheko cha karibu. Huyo alikuwa amesoma na watu wanaozungumza Kiswahili, akaokota kile kinachotumika sokoni.

Mratibu alipanda ngazi za kanisa na kunyoosha mikono.

"Enyi wapenzi! Nawasalimu kwa shangwe kuu! Nimevuka milima na mabonde, nami moyo wangu wabubujika!" Akamgeukia Mchungaji na kushusha sauti, ila si vya kutosha. "Ewe mchungaji mwema, choo ki wapi?"

Alionyeshwa. Alirudi akiwa mchangamfu zaidi, akasimama kando ya Mama Darubini, ambaye alikuwa mstari wa mbele na upawa wake uliosuguliwa mpaka ukang'aa.

"Ewe mama, ni kitu gani hiki ukishikacho?"

"Upawa."

"Upawa!" Mratibu alilitamka kama jina la malaika. "Nao wafanya nini?"

"Unachota maji yaliyolala, tuone kama kuna kitu ndani."

"Na katika mtaa wenu, je, maji hayo yangaliko?"

"Hayapo," alisema Mama Darubini. Ilikuwa taarifa, naye aliitoa kwa imani kwamba ni sahihi.

Nyuma yake wifi alikohoa. Alikuwa amevaa kofia yenye maua.

Tarumbeta zikajipanga kwa wimbo wa kuwakaribisha wageni. Mzee Besi alikuwa amefika akitweta. Njiani alisikia kitu kikisema chwa, chwa, chwa, akadhani ni chai aliyokunywa. Kuhusu uzito, alijiambia kwamba uzee umeanza kuingia, akaamua asimwambie mkewe. Kiongozi aliinua mkono. Tarumbeta ndogo zikaanza, kali na safi. Zile za kati zikafuata. Zamu ya besi ikafika.

"Blubu," ilisema tuba.

Kiongozi aligeuza jicho moja. Mzee Besi akapuliza tena.

"Blubu-blubu-blu."

Ilikuwa sauti ya kiboko anayeota ndoto nzuri. Watoto wakaanza kucheka. Mzee Besi, mtu ambaye hakuwahi kukosa zamu tangu ujana wake, aliona aibu ikimpanda shingoni. Akafumba macho, akavuta pumzi kutoka kwenye visigino, mashavu yakawa maputo mawili makubwa ya kung'aa, akapuliza.

Tuba ikatubu. Ilitoa yote iliyokuwa nayo. Maji yalipanda kwa mdomo kama chemchemi, rangi ya chai ya rangi, yakasimama hewani kidogo kama yanayotafuta anwani, kisha yakateremka juu ya uso, miwani na shati jeupe la Mratibu.

Katika sekunde hiyo Mama Darubini alifanya jambo lililotokana na mazoea tu, wala hakulifikiria. Mtu aliyefanya kazi ya maabara maisha yake yote, akiona sampuli inaanguka, huikinga. Alinyoosha upawa. Ukajaa.

Muziki ulikatika. Mratibu alivua miwani, akasema polepole, "Tazama, manyunyu yamenishukia."

Watu wote walikuwa wanautazama upawa mweupe, na ndani ya upawa mweupe, mbele ya usharika mzima, vitu vilikuwa vinajinyonganyonga kwa afya njema.

"Aliye na macho aone!" alisema wifi. "Tuba imetubu!"

Kicheko kilichofuata kiliwarusha njiwa kutoka paa la kanisa. Mchungaji peke yake hakucheka. Alikuwa anaona ukumbi mpya wa ng'ambo ya mto.

Mama Darubini hakusikia kicheko. Alikuwa ameinua upawa karibu na jicho lake la kazi. Viluwiluwi vilikuwa vimening'inia kichwa chini, mikia imegusa uso wa maji. Kiluwiluwi cha mbu wa malaria hakining'inii hivyo. Hulala bapa, sambamba na uso wa maji, kama mtu aliyejinyoosha mkekani. Hivi vilikuwa vya mbu wa aina nyingine, wale wa kelele na kuwashwa, wasiobeba malaria. Hakuwa na shaka hata kidogo.

Mtaalamu wa wadudu alisogea, naye akachungulia. Macho yao yakakutana. Wote wawili walikuwa wamesoma kitu kilekile.

"Vipi?" Mchungaji alimnong'oneza. "Ni wale?"

"Si wale."

"Basi sema! Sema kwa sauti, mama, tumepona!"

Na kweli wangepona. Ilikuwa hoja safi, na ilikuwa kweli. Mama Darubini aligeukia watu.

"Hivi si vya mbu wa malaria," alisema. Mchungaji akashusha pumzi. "Lakini hilo ni bahati ya tuba, si kazi yangu. Nimewaambia wageni kwamba mtaani kwetu hakuna maji yaliyolala. Yalikuwepo. Yalikuwa nyumbani kwangu, na juzi Ijumaa niliyasukuma kwa nyonga yangu mwenyewe."

Mchungaji akairudisha pumzi aliyoishusha.

"Kosa ni langu!" Mzee Besi alipaza sauti kutoka nyuma ya shaba. "Mfereji sikuuziba!"

"Nyamaza, mzee wangu. Aliyelitoa nje ni mimi."

"Ni mimi niliyeisimamisha!"

"Kwa amri yangu."

"Mama, niachie hata kosa moja niwe nalo mimi!"

"Halafu," Mzee Besi aliendelea, akikusanya hoja, "kanuni inasema chombo. Hii si chombo. Hii ni ala ya muziki."

"Kaka," alisema wifi, "Jumapili iliyopita kwenye matangazo Mchungaji alisema leo wapiga vyombo wafike mapema. Ulifika mapema au hukufika?"

Mzee Besi alifikiri. "Nilifika mapema."

"Basi wewe ni mpiga nini?"

Mzee Besi alimtazama Mchungaji kwa msaada. Mchungaji alitazama viatu vyake. "Nilisema vyombo," alikiri.

"Chombo ni chombo," alisema wifi, na akarekebisha kofia yake kama aliyemaliza kesi.

Mratibu alikuwa ameshafuta uso. Alionekana mwenye huzuni ya kweli. "Ewe mama," alisema, "kazi yako ni njema. Lakini yatupasa kuwaambia makanisa yote kwamba njia hii haipitwi na kitu. Nami nimepitwa na kitu usoni."

"Nina swali moja," alisema mtaalamu wa wadudu. "Nyumba za watu anakagua huyu mama. Nyumba ya huyu mama nani anakagua?"

Hapo Mama Darubini aliushusha upawa. Swali hilo alikuwa amelisikia Ijumaa baada ya Ijumaa, uani kwa wifi yake, akaliweka katika fungu la kelele. Sasa alilisikia kwa Kiswahili cha mgeni, likiwa limevuliwa vijembe vyote, akaona kwamba halina hata kasoro moja. Na kilichomuudhi zaidi ni kwamba jibu alikuwa nalo miaka yote.

"Maabara," alisema taratibu, "kila slaidi ya damu ilisomwa na watu wawili. Msomaji wa pili hakuambiwa wa kwanza ameona nini. Sikumwamini mtu yeyote asome peke yake, hata mkuu wa maabara. Huku mtaani nimejisomea mwenyewe. Anatakiwa msomaji wa pili. Na asiwe rafiki. Rafiki atapita barazani, akiona kitu atasema, ah, ni mambo madogo. Anatakiwa mtu wa karibu, anayeingia mpaka jikoni bila kukaribishwa, na ambaye hakuna kitu kitakachomfurahisha kama kukuta kasoro."

Watu walianza kugeuka mmoja mmoja. Waligeuka mpaka macho yote yakafika kwenye kofia yenye maua.

"Mnaniangalia nini?" alisema wifi.

"Wifi yangu," alisema Mama Darubini, "unanipenda?"

"Nakupenda."

"Sana?"

Wifi aliona hapo ni mbele ya kanisa, akaona uongo haufai. "Si sana."

"Basi unafaa."

Mtaalamu wa wadudu alianza kucheka akashindwa kuacha. Alisema katika nchi yake, kwenye kaya ya mfano, maji yalikutwa ndani ya buti la askofu, na kikao kizima kilikaa kutafuta dawa wasiipate, kumbe dawa ilikuwa inapika chumba cha pili: askofu alikuwa na dada watatu, na mkewe hakusalimiana na hata mmoja. Akamvuta Mratibu pembeni. Walizungumza kwa lugha nyingine muda mrefu, mmoja akichora hewani mtu mwenye mikono kiunoni, mwingine akitikisa kichwa. Mratibu aliporudi, uso wake ulikuwa umeng'aa, na si kwa maji.

"Enyi wapenzi! Sharika zote tulizozitembelea zilituambia hazina kosa. Huu wa kwenu umekiri kosa na kuliponya kabla ya mahubiri. Na iwe hivyo. Njia hii itakwenda ulimwenguni mwote, na kila nyumba itakaguliwa na wifi wake!"

Mchungaji alipiga makofi kabla hajawa na hakika kwamba ni ruhusa. Mzee Besi aliipindua tuba kichwa chini, ikatoa yaliyobaki, kisha akapuliza noti moja nene iliyotetemesha madirisha. Mama Darubini alisimama palepale na upawa wake. Aliyotaka alikuwa ameyapata yote. Kisha akatambua bei yake, maana wifi alikuwa ameshamshika mkono na kumwambia sikioni, "Ijumaa nakuja mapema. Usihangaike kupanga."

Alikuja mapema. Alikuja na tochi, kama alivyoahidi, na upawa wake mwenyewe, mkubwa kuliko wa Mama Darubini. Alikagua baraza, mfereji, mtaro na visahani. Hakuishia hapo. Alikagua kabati la vyombo, akatoa maoni kuhusu pazia, akauliza kama kweli mchele unahifadhiwa hivyo. Mama Darubini alimfuata nyuma amekaza midomo. Kisha kwa uadilifu uleule alivuka ukuta na kwenda kukagua kwa wifi, ambako alikuta visahani vyote vimekauka kabisa kwa mara ya kwanza. Mtu anayekagua hawezi kuvumilia kukutwa na kosa.

Mtaa mzima ulifuata. Mawifi ambao hawakuwa wakisalimiana walianza kuonana kila Ijumaa, wamefura kwa furaha ya kutafuta makosa. Vidimbwi vilifukiwa mpaka njia ya kisimani, kwa sababu kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba upande wake ndio wenye kidimbwi. Kazi ya kuwasukuma watu, iliyokuwa ikimchosha Mama Darubini, iliisha. Sasa alibaki na kazi ya kuwatenganisha.

Msimu uliofuata Mratibu alipiga simu. Mchungaji aliiweka sauti ya juu ofisini kwake, na Mama Darubini, mumewe na wifi yake wakasogeza viti.

"Enyi wapenzi wa mbali!" simu ilisema. "Taarifa yetu imefika katika makanisa yote. Lakini neno lile, wifi, halina mwenzake katika lugha yetu, hivyo tuliliacha kama lilivyo. Sasa maswali yananijia kama mafuriko."

"Maswali gani?" aliuliza Mchungaji.

"Kanisa moja lauliza wifi yenu yafika umbali gani."

Walitazamana.

"Mpaka chumbani," alisema Mzee Besi.

"Lingine lauliza kama yapita ukutani."

"Inapita," alisema Mama Darubini.

"Ndugu zetu wa visiwani wanalia. Wasema wao ni maskini, hawana intaneti, je, wataishindaje malaria? Na kanisa la mji wetu limeshanunua mitambo, limeifunga mnarani, na sasa wauliza mbu waonekana wapi."

Mchungaji alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Wifi aliwatazama mmoja mmoja.

"Wananisema mimi?"

"Wanadhani wewe ni intaneti," alisema kaka yake.

"Mimi?"

"Wanauliza pia," simu iliendelea kwa unyenyekevu, "nenosiri lake ni lipi."

"Mchungaji, nipe," alisema Mama Darubini, akaivuta simu kwake. Hakuwa anacheka. Neno lililotumwa duniani bila maelezo lilikuwa kosa la kitaalamu, na makosa ya namna hiyo hayasubiri. "Mratibu, una kalamu? Andika maana yake, uwatumie wote leo. Wifi ni dada wa mume, au mke wa kaka. Huingia bila hodi. Huona kisichoonekana. Hazimwi, na hukagua hata wakati wa mvua. Kila ukoo unaye tayari; hakuna haja ya kununua."

"Nimeandika, mama, kila neno."

"Bado," alisema wifi, akijisogeza karibu na simu. "Aongeze kwamba hafanyi kazi bila chai, na chai iwe na sukari."

Mama Darubini alisita. Taarifa ya kitaalamu haitakiwi kubeba maneno ya ziada. Aliipima sentensi hiyo kwa muda, akaigeuza huku na huku akitafuta kasoro ndani yake.

"Ongeza," alimwambia Mratibu. "Hilo nimelithibitisha."